Nilianguka nikifukuzia mpira. Niseme, au ninyamaze mpaka majaribio yapite?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 17, nasoma kidato cha tatu hapa Tanga. Nacheza winga ya kushoto, timu ya shule na timu ya mtaani. Kwa mbio, huku kwetu bado sijaona beki wa kunikamata.

Mwezi uliopita tulikuwa mazoezini, saa kumi na moja jioni. Kocha akapiga mpira mrefu, nikaufukuzia. Nakumbuka mpira ukidunda mara moja mbele yangu, basi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala, mchanga mdomoni, wenzangu wamenizunguka na mmoja ananimwagia maji kichwani. Wanasema nilianguka kama gunia, sikutanguliza hata mikono, nikakaa hivyo kama dakika moja. Wengine wanasema nilitetemeka kidogo. Kocha akanikorogea glukosi, akasema ni njaa na jua. Lakini mchana ule nilikula ugali na dagaa nikashiba, na jua lilikuwa limeshapoa. Baada ya nusu saa nilikuwa mzima kabisa, nikataka kurudi uwanjani, akanikatalia.

Wiki iliyopita sikuanguka, ila moyo ulianza ghafla kupapatika kama kuku aliyefungwa miguu, macho yakaingia giza. Nikachuchumaa nikajifanya nafunga kamba za njumu. Hakuna aliyejua.

Mama hajui lolote. Yeye anauza vitumbua. Zamu yake ya mchezo na wenzake ilipofika, fedha zote alizopokea alininunulia hizo njumu. Baba anafanya kazi mbali, anarudi mara moja kwa mwaka. Anayejua ni Bibi, mama yake Baba, maana jirani alimpelekea maneno. Bibi anasema huyu ni jini wa ukoo, ndiye aliyemchukua Baba Mdogo. Baba Mdogo alikuwa mvuvi, anapiga mbizi tangu mtoto. Siku hiyo bahari ilikuwa shwari, akaruka majini mbele ya wenzake, hakuibuka. Alikuwa na miaka 22. Bibi anataka nikapungwe. Sitaki kumvunjia heshima, lakini sijui kama inasaidia.

Baada ya wiki tatu kuna majaribio Dar, timu ya vijana ya klabu kubwa. Kocha ameshapeleka jina langu. Fomu inauliza kama nina ugonjwa wowote, na inataka muhuri wa daktari. Rafiki yangu anasema kuna mahali wanakugongea muhuri bila hata kukugusa, ni hela ya soda tu.

Shangazi, nikisema nimekwisha. Nikinyamaza naogopa. Usiku naweka mkono kifuani nasikiliza. Kijana kama mimi, nisiyevuta wala kunywa, ninaweza kweli kuwa na ugonjwa wa moyo?

Winga, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale: "sikutanguliza hata mikono." Kwa hiyo naanza na jambo ambalo hutalipenda. Kuanzia leo usikimbie. Si mazoezini, si mechi ya shule, si kufukuzana na wadogo zako. Na usiingie baharini, hata kama maji ni ya magotini. Hii si adhabu wala si milele, ni mpaka upimwe moyo na daktari akuruhusu kwa kinywa chake.

Nikueleze kwa nini nasema kwa ukali hivi.

Kuzimia kuko kwa namna nyingi, na kwingi katika umri wako hakuna hatari. Mwanafunzi anasimama mstarini asubuhi hajanywa chai, hotuba ya mwalimu mkuu haiishi, anaona vimulimuli, jasho jembamba linamtoka, masikio yanavuma, halafu analegea taratibu na kwenda chini. Huyo mwili umempa taarifa. Akilazwa na miguu ikainuliwa anaamka, anaona aibu, yameisha. Hata mtu aliyemaliza mbio akasimama ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kwa sababu damu imebaki miguuni.

Wewe hukuwa umesimama wala hukuwa umemaliza. Ulikuwa katikati ya mbio, kwa kasi yako yote, na hukupata taarifa yoyote. Mtu anayepata hata sekunde mbili za kujua kwamba anaanguka hutanguliza mikono. Wewe ulizimika kama koroboi iliyopulizwa. Kuzimia kwa namna hiyo, ukiwa ndani ya mbio, daktari yeyote wa moyo akisikia anaacha kalamu na kukutazama usoni. Na kule kutetemeka walikokuona nako, usikubali mtu akimbilie kusema ni kifafa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa, mwili unaweza kutikisika vivyo hivyo.

Sasa twende kwa Baba Mdogo. Umemtaja kwa sababu ya jini, mimi nashukuru umemtaja. Kijana wa miaka 22, mvuvi, mpiga mbizi tangu utoto, bahari shwari, anaruka na haibuki. Ukikaa mbele ya daktari anayejua kazi yake, baada ya kukuuliza ulivyoanguka atakuuliza hivi: kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Kuna aliyezama ilhali anajua kuogelea? Kuna anayesemekana ana kifafa, na dawa hazimsaidii? Maswali haya yana sababu yake. Moyo unapiga kwa umeme wake wenyewe. Kila pigo likiisha, moyo unahitaji kujichaji upya kabla ya pigo linalofuata. Kuna watu wanaozaliwa na moyo unaochelewa kujichaji. Madaktari wanaiita hali ya QT ndefu, kwa jina la sehemu ya mchoro wa umeme wa moyo inayorefuka. Mtu anaishi nayo miaka hajui, mzima wa afya. Halafu siku moja anakimbia kwa nguvu, au anaruka kwenye maji, au anashtuliwa na kelele, umeme unavurugika, na moyo badala ya kusukuma damu unabaki kutetemeka tu. Aliye nchi kavu akibahatika, moyo unajirudi wenyewe na anaamka akijiuliza kumetokea nini. Aliye chini ya maji hana bahati hiyo.

Sikwambii kwamba Baba Mdogo alikufa hivyo. Hakuna anayeweza kulijua hilo leo. Wala sikwambii kwamba wewe unayo. Nakwambia tu kwamba habari yake ni ya kumpelekea daktari, wala isiachwe nyumbani.

Na Bibi usimbeze. Bibi ameona jambo ambalo kocha hakuliona: kwamba kuanguka kwako na kuzama kwa mwanawe huenda ni uzi mmoja, na kwamba uzi huo unapita kwenye damu. Ameuita jini kwa sababu hilo ndilo jina alilopewa na waliomlea. Hali hii mzazi akiwa nayo, kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na mzazi mwenyewe anaweza kuzeeka bila kuanguka hata mara moja. Kwa hiyo baba yako naye inabidi aambiwe, na wadogo zako wapimwe iwapo daktari ataona dalili kwako. Kaa na Bibi jioni moja, muulize kwa adabu: kabla ya Baba Mdogo kulikuwa na mwingine? Andika majina na umri kwenye daftari, uende nalo hospitali. Akitaka kukuombea dua, akuombee, na uitikie amina. Lakini hospitali iwe ya kwanza, na mpunga pepo asikupe dawa ya kunywa wala kukuchezesha ngoma usiku kucha kabla hujapimwa.

Umeuliza kama kijana asiyevuta wala kunywa anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo. Ndiyo, mwanangu. Moyo wa uzeeni, wa presha na mafuta, ni aina moja tu. Kuna wanaozaliwa na misuli ya moyo inayonenepa kupita kiasi, nayo hurithiwa vilevile. Kuna virusi vinavyoweza kuvimbisha moyo kwa wiki kadhaa, ndiyo maana mtu mwenye homa kali hatakiwi kujilazimisha mazoezi. Na kuna ule wa kwetu hasa, unaoanzia kooni. Mtoto anaumwa mafindofindo, hatibiwi, baada ya wiki chache magoti na viwiko vinavimba na kuuma, yanapita, watu wanasahau. Kumbe mwili katika kupambana na vile vijidudu umeijeruhi milango ya moyo. Miaka inapita, kijana anaanza kukata pumzi uwanjani na kuambiwa mvivu. Huyo akigunduliwa mapema hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne ili milango isizidi kuharibika. Kama uliwahi kuvimba viungo utotoni, liseme nalo. Watakupima damu pia, maana upungufu wa damu nao huufanya moyo ukimbie, ingawa peke yake haunielezi vizuri ule mwanguko wako.

Zahanati ya mtaani itakuandikia rufaa. Nenda moja kwa moja mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Bombo. Mweleze daktari kwa maneno haya haya, usiyapambe wala usiyapunguze: "Nilizimia nikiwa nakimbia, sikupata dalili yoyote kabla, na baba yangu mdogo alizama akiwa na miaka 22 ilhali alikuwa mpiga mbizi." Kisha omba vipimo viwili. Cha kwanza ni cha umeme wa moyo, wenyewe wanakiita ECG. Cha pili ni eko, picha ya moyo kwa mashine kama ile ya wajawazito. Vyote viwili, Winga. Nasisitiza kwa sababu eko inaonyesha misuli na milango, na moyo wenye QT ndefu kwenye eko unaweza kuonekana hauna kasoro hata kidogo. Kijana anaambiwa "moyo wako safi," anarudi uwanjani na tatizo lake. Umeme unasomwa na ECG. Na hata ECG ya kwanza ikitoka nzuri, kwa historia yako muulize daktari kama kuna haja ya kurudia, au kupimwa ukiwa unatembea kwenye mashine ya mazoezi mbele ya wataalamu.

Mpwa wangu nilimpeleka kupima hiyo ECG akiwa na miaka 15. Njia nzima alikuwa kimya, kumbe amesikia neno "umeme" akadhani atapigwa shoti. Alilala kitandani, shati amevua, wakampaka dawa ya baridi kama jeli, wakambandika vidude kifuani, mikononi na miguuni, wakamwambia asiongee. Mashine ikatoa karatasi ya waridi yenye viboksi vidogo vidogo, na juu yake milima midogo midogo inayofuatana. Kabla hajamaliza kuogopa walikuwa wanamfuta jeli. Mashine haitii umeme mwilini, inausikiliza tu ule ulionao.

Gharama nazijua zinavyotisha. Kama mna kadi ya bima, mwende nayo. Kama hamna, mama asirudie mlangoni. Aulize ofisi ya ustawi wa jamii, ipo hospitalini hapo hapo, aeleze hali yake. Wakiona haja watakupa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na madaktari wa taasisi hiyo huwa wanafunga safari mikoani kupima watu, hivyo uliza lini wanakuja kwenu.

Mpaka upimwe, achana na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu. Na ukiumwa, usijinunulie dawa dukani kimya kimya. Zipo dawa za kawaida, kama erithromaisini na baadhi ya dawa za malaria, zinazozidi kurefusha ile QT. Malaria ikikupata lazima utibiwe, ila mwambie anayekutibu kwamba moyo wako uko kwenye uchunguzi.

Sasa ule muhuri wa hela ya soda. Umenitia uchungu kuliko yote uliyoandika. Muhuri ule hautakimbia nawe kwenye ile winga. Ukianguka Dar, mbele ya watu wasiokujua, daktari wa klabu atasoma fomu inayosema u mzima, na dakika ambazo angekuwa anakuokoa atazitumia kukisia.

Unadhani kipimo ni mlango wa kutokea kwenye mpira. Mtazame Kanu Nwankwo wa Nigeria. Mwaka 1996 alikuwa nahodha wa timu iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta, akasajiliwa Inter Milan ya Italia, wakampima. Wakakuta mlango wa mshipa mkuu wa moyo una hitilafu. Alikuwa na miaka 20. Novemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji Marekani, na mwaka uliofuata akarudi uwanjani. Akaenda Arsenal, akawa Mwanasoka Bora wa Afrika mara ya pili mwaka 1999, na mwaka 2008 ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA akiwa na Portsmouth. Hayo yote yalikuja baada ya kipimo. Wala Waitalia hawampimi mchezaji kwa kumdhania mabaya. Tangu 1982 wana sheria ya kupima wanamichezo, umeme wa moyo ukiwemo, kabla ya mashindano.

Lakini sitakudanganya kwamba kila mtu anarudi. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka jijini London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Aliokolewa kwa sababu watu walianza kumkandamiza kifua pale pale nyasini, na alikuwepo jukwaani daktari bingwa wa moyo aliyeshuka kusaidia. Akatundika daluga akiwa na miaka 24. Yupo, ana watoto. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Juni 2021, akawekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani. Italia hawakumruhusu kucheza nacho, Uingereza wakamruhusu, na kwenye Euro ya 2024 akafunga bao. Zamani mwenye QT ndefu aliambiwa asiguse mpira tena. Siku hizi wapo ambao wakitumia vidonge vyao kila siku bila kuruka, na daktari akiwasimamia, huruhusiwa kucheza; wengine hawaruhusiwi. Wewe utakuwa upande gani, hilo daktari wako ndiye atakayelisema akiwa na karatasi zako mkononi.

Kocha mwambie ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie: "Kocha, lile siku ile halikuwa njaa, na wiki iliyopita limetaka kurudi. Naenda kupima moyo. Naomba uwaambie Dar nina majeruhi, nitakuja majaribio yajayo." Kocha mwenye utu atakushika bega. Akikwambia uvumilie tu, usimtii katika hilo.

Na wenzako uwafundishe jambo moja, kwa ajili yako na kwa ajili ya yeyote atakayeanguka. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, asimwagiwe maji wala kutiwa glukosi mdomoni. Aitwe kwa nguvu, atikiswe bega. Haitiki na hapumui, au anakoroma na kutweta kwa kuvutavuta kama samaki aliyetolewa majini (huko si kupumua), basi mmoja apige simu na kutafuta gari, mwingine apige magoti, aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, anyooshe mikono na kukandamiza kwa nguvu mpaka kifua kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Asiogope kumwumiza. Akichoka ampokee mwingine, bila kusimama mpaka aamke au mtaalamu afike. Uwanja wenu hauna mashine ya kushtua moyo, najua. Mikono mnayo.

Amebaki mama. Unamficha kwa sababu ya njumu, na mimi nakuelewa, lakini mama hakununua njumu ili azitundike ukutani azitazame. Leo akirudi, mpokee beseni, mwache akae, mletee maji ya kunywa. Mwambie kabla hajauliza habari za shule. Anza na ule mpira uliodunda mara moja. Kesho asubuhi vitumbua vinaweza kusubiri. Mwende wote wawili kuchukua rufaa. Karatasi ya ECG ikitoka, niandikie walivyokwambia.

Shangazi yako.